Justine Henin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake ya tenisi

Hapa tumekusanya maswali ambayo mashabiki huuliza tena na tena kuhusu Justine Henin wa Ubelgiji. Ya mwanzo ni ya anayemsikia kwa mara ya kwanza. Ya mwisho ni ya wanaobishana kuhusu takwimu. Kila matokeo ya mechi yameandikwa kwa kuanza na gemu za mshindi.

## Mambo ya msingi

1. Justine Henin ni nani?

Ni mchezaji tenisi mstaafu wa Ubelgiji, aliyezaliwa Liège tarehe 1 Juni 1982. Alianza tenisi ya kulipwa mwaka 1999, akastaafu mara ya kwanza Mei 2008, akarudi Januari 2010, kisha akaacha kabisa Januari 2011. Katika muda huo alichukua mataji 43 ya WTA (chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa) ya mchezaji mmoja mmoja, yakiwemo 7 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa: Australian Open ya Melbourne, Roland Garros ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York), akatwaa dhahabu ya Olimpiki na kukaa namba moja duniani kwa jumla ya wiki 117.

2. Justine Henin na Justine Henin-Hardenne ni watu wawili?

Ni mtu mmoja. Aliolewa na Pierre-Yves Hardenne Novemba 2002, na jina la mume likaongezwa kwenye rekodi zake. Mwanzoni mwa 2007 ndoa ilivunjika, naye akarudia jina la Henin peke yake. Kwa hiyo ukipekua orodha za mabingwa wa 2003 hadi 2006 utakuta Henin-Hardenne. Mwenye kuhesabu mataji ayajumlishe yote kwa mtu huyohuyo.

3. Alianzaje?

Alikulia upande wa Rochefort, katika eneo la Wallonia ambako watu huzungumza Kifaransa. Mwaka 1992, akiwa na miaka 10, mama yake Françoise alimpeleka Paris kutazama fainali ya Roland Garros kati ya Monica Seles na Steffi Graf, na mtoto akamwambia mama kwamba siku moja atacheza kwenye uwanja ule. Mama alifariki kwa saratani mwaka 1995, Justine akiwa bado na miaka 12. Anayetaka kuelewa kwa nini taji la Paris lilikuwa na uzito kuliko mengine yote kwake, aanzie hapo.

Mwaka 1997 alishinda Roland Garros ya vijana, akimfunga Cara Black wa Zimbabwe kwenye fainali. Mei 1999 alipewa nafasi ya upendeleo katika mashindano ya Antwerp, yakiwa mashindano yake ya kwanza kabisa ya ngazi ya WTA, akayashinda.

4. Carlos Rodríguez alikuwa na nafasi gani?

Ni kocha kutoka Argentina aliyemchukua Henin mwaka 1996 akiwa na miaka 14 na kubaki naye hadi mwisho. Katika tenisi ya wanawake, ambako makocha hubadilishwa kila msimu, muda huo ni mrefu sana. Baadaye, kuanzia 2012, alimfundisha Li Na wa China, aliyeshinda Australian Open ya 2014.

## Jinsi alivyocheza

5. Mtu wa kimo chake aliwezaje kuwafunga wachezaji warefu?

Henin ana urefu wa mita 1.67. Zama zake zilikuwa za akina Venus Williams, Lindsay Davenport na Maria Sharapova, wote wakizidi mita 1.80 na kupiga mpira kwa nguvu. Mchezaji mfupi ana hasara mbili zinazopimika: sevu yake, yaani mkwaju wa kuanzisha pointi, inatoka chini zaidi, hivyo pembe ya kuuingiza mpira ndani ya kisanduku ni ndogo, na mikono yake inafika karibu.

Jibu lake lilikuwa kuwa na kila kitu. Wapinzani wengi walikuwa na mpango mmoja: piga kwa nguvu kutoka mstari wa nyuma. Yeye alibadilisha mpira baada ya mpira. Mmoja ulikuja mzito, ukizunguka na kuruka juu ya bega. Uliofuata ulikatwa, ukateleza chini ya magoti. Wa tatu ulikuwa mfupi na kufia karibu na wavu. Mtu mrefu hapendi kuinama kisha kunyooka kisha kukimbilia mbele ndani ya pointi moja. Henin pia aliujia wavu na kumaliza kwa voli (kuupiga mpira kabla haujadunda), jambo ambalo wachache wa kizazi chake walilifanya kwa kujiamini. Ongeza miguu: hatua ndogondogo nyingi kabla ya kila mkwaju, ndiyo maana alionekana amekwishafika mpira unapotua.

Kwa maoni yetu, hakuna mchezaji wa kike wa miaka ya 2000 aliyekuwa na mchezo uliokamilika kama wake. Serena Williams alikuwa na nguvu na sevu kubwa kuliko yeye, lakini kwa wingi wa mbinu Henin yuko peke yake.

6. Bekhendi yake ilikuwa na nini cha pekee?

Bekhendi ni mkwaju wa upande wa pili wa mkono unaoshika raketi. Aliipiga kwa mkono mmoja wakati karibu wote wa wakati wake walitumia miwili, na aliipiga kwa nguvu ya kushambulia. John McEnroe ni miongoni mwa waliosema kuwa ilikuwa bora kuliko zote alizoziona, za wanaume na za wanawake.

Ukitazama video kwa mwendo wa polepole, fuatilia hivi. Mkono wa kushoto unashika shingo ya raketi na ndio unaoivuta nyuma, wakati wa kulia unageuza mshiko. Mabega yanazunguka hadi mpinzani anaona mgongo wake. Mguu wa kulia unakanyaga mbele na uzito wote unahamia hapo. Mpira unakutana na raketi mbele ya mwili, mkono ukiwa umenyooka. Kisha, na hapa wanaojifunza hukosea, mkono wa kushoto unarushwa nyuma badala ya kufuata raketi. Ndio unaozuia kifua kufunguka mapema; kifua kikifunguka, mpira unatoka nje ya mstari wa pembeni.

Tatizo la mkwaju huu ni mpira unaoruka juu ya bega, kwa sababu mkono mmoja hauna nguvu pale juu. Henin alilitatua kwa kuupiga mpira ukiwa bado unapanda, wakati mwingine akirukaruka, au kwa kuukata na kusubiri nafasi bora. Anayemuiga bila miguu yake hufika amechelewa na kuishia kuusukuma mpira kwa kiwiko, na kiwiko kinalipa.

7. Udhaifu wake ulikuwa wapi?

Sevu, hasa ya pili. Kwa kimo chake aliweza kuipiga kwa kasi ya kushangaza, lakini presha ilipopanda makosa mawili mfululizo yalijitokeza, na warudishaji wakali kama Serena waliisogelea sevu ya pili na kuishambulia. Mwili nao haukumsaidia: virusi, bega, goti na kiwiko vilimkatiza kwa nyakati tofauti (tazama maswali ya 10, 14, 16 na 19).

8. Kwa nini aling'aa zaidi kwenye udongo?

Udongo mwekundu hupunguza kasi ya mpira na kuurusha juu. Mpigaji wa nguvu anapoteza nusu ya silaha yake, na mwenye mbinu anapata sekunde ya ziada ya kuipanga pointi. Pia unaruhusu kuteleza kuelekea mpira, na Henin aliteleza pande zote mbili akabaki wima.

Takwimu za Paris zinatosha: alishinda mechi 24 mfululizo za Roland Garros, na ndani yake seti 40 mfululizo. Mfululizo wa seti ulianza 2005, ukapita 2006 na 2007 bila kupoteza hata moja, na ulikatwa na Sharapova katika raundi ya tatu ya 2010, mechi ambayo hata hivyo Henin aliishinda. Raundi iliyofuata Samantha Stosur alimtoa kwa 2-6 6-1 6-4.

## Mataji na mechi

9. Alishinda Grand Slam zipi, na dhidi ya nani?

- Roland Garros 2003: Kim Clijsters, 6-0 6-4
- US Open 2003: Kim Clijsters, 7-5 6-1
- Australian Open 2004: Kim Clijsters, 6-3 4-6 6-3
- Roland Garros 2005: Mary Pierce, 6-1 6-1
- Roland Garros 2006: Svetlana Kuznetsova, 6-4 6-4
- Roland Garros 2007: Ana Ivanovic, 6-1 6-2
- US Open 2007: Svetlana Kuznetsova, 6-1 6-3

La Roland Garros 2003 lilikuwa taji la kwanza la Grand Slam la mchezaji mmoja mmoja kwa Ubelgiji. La 2005 lilikaribia kuponyoka mapema: katika raundi ya nne Kuznetsova alikuwa na pointi mbili za kumaliza mechi.

10. Ilikuwaje Olimpiki ya Athens 2004?

Alifika Athens akiwa hajacheza kwa miezi. Virusi vya saitomegalo vilimchosha mwaka ule kiasi cha kulala saa nyingi kwa siku, na Roland Garros alitolewa raundi ya pili na Tathiana Garbin akiwa bingwa mtetezi.

Nusu fainali dhidi ya Anastasia Myskina, bingwa wa Paris wa mwaka huohuo, alikuwa nyuma 1-5 katika seti ya tatu. Alishinda 7-5 5-7 8-6. Fainali alimfunga Amélie Mauresmo 6-3 6-3. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Ubelgiji katika michezo ile.

11. Nikitaka kutazama mechi moja tu, iwe ipi?

Nusu fainali ya US Open 2003 dhidi ya Jennifer Capriati: 4-6 7-5 7-6, zaidi ya saa tatu, ikaisha baada ya saa sita usiku wa New York. Capriati alifika mara nyingi akibakiza pointi mbili tu za kushinda. Katika seti ya tatu Henin alibanwa na misuli hadi akashindwa kutembea vizuri kati ya pointi, lakini mpira ukianza anakimbia. Baada ya mechi aliwekewa dripu, na jioni iliyofuata akamfunga Clijsters kwenye fainali.

Ukipenda ubora wa tenisi kuliko drama, chagua fainali ya mashindano ya kufunga msimu, Madrid 2007, alipomfunga Sharapova 5-7 7-5 6-3 kwa saa 3 na dakika 24.

12. Kwa nini mwaka 2007 unasemwa kuwa bora kwake?

Alishinda mechi 63, akapoteza 4, akachukua mataji 10. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika tenisi kuvuka dola milioni 5 za zawadi ndani ya msimu mmoja. Na mwaka ulianza vibaya: hakwenda Australia kabisa kwa sababu ya kuvunjika kwa ndoa yake.

Waliomfunga ni Lucie Safarova (Paris, ukumbini), Serena Williams (fainali ya Miami), Kuznetsova (Berlin) na Marion Bartoli (nusu fainali ya Wimbledon). Baada ya Bartoli hakufungwa tena mwaka ule. Serena alikutana naye robo fainali ya Roland Garros, ya Wimbledon na ya US Open, na Henin alishinda zote tatu. US Open aliwatoa Serena na Venus mmoja baada ya mwingine, akachukua kombe bila kupoteza seti.

Nje ya uwanja, mwaka huohuo alipatana na baba na ndugu zake baada ya miaka ya kutoongea.

13. Wimbledon ilimshinda kwa nini?

Alifika fainali mara mbili: 2001 alifungwa na Venus Williams 6-1 3-6 6-0, na 2006 na Mauresmo 2-6 6-3 6-4. Alifika pia nusu fainali 2002, 2003 na 2007. Nyasi hazikuwa adui yake, maana mpira wa kukata na voli hufaa sana pale. Kilichomwangusha ni kwamba nyasi humpa mwenye sevu kubwa pointi za bure, na yeye alilazimika kuzifanyia kazi zake.

14. Je, alishinda Fed Cup?

Ndiyo, kombe hilo la timu za taifa za wanawake alilishinda 2001 mjini Madrid, Ubelgiji ilipoifunga Urusi 2-1. Mwaka 2006 Ubelgiji ilifika tena fainali, dhidi ya Italia mjini Charleroi, lakini goti lilimlazimu kujitoa katika mechi ya mwisho ya wawili wawili na kombe likaenda Italia.

## Yanayobishaniwa

15. Kisa cha mkono ulioinuliwa Paris 2003 ni kipi?

Nusu fainali ya Roland Garros, seti ya tatu. Serena Williams anaongoza 4-2 na 30-0 kwenye sevu yake. Henin anainua mkono kuonyesha hayuko tayari. Serena anapiga sevu, mpira unaingia wavuni. Serena anaomba kurudia sevu ya kwanza. Mwamuzi hakuuona mkono, na Henin hasemi kitu. Serena anapiga sevu ya pili, anapoteza gemu ile, na hatimaye mechi: 6-2 4-6 7-5. Mashabiki walimzomea Serena hadi mwisho.

Kwa kanuni, sevu haipigwi kabla ya mpokeaji kuwa tayari, na mwamuzi angeuona mkono angeruhusu irudiwe. Henin hakuvunja kanuni kwa kuinua mkono. Lawama ni juu ya kunyamaza kwake Serena alipomwomba mwamuzi, na sisi tunaomheshimu sana tunakubali kwamba neno moja lingetosha. Kudai kwamba kisa hiki ndicho kilichompa ushindi ni kutia chumvi: baada yake Serena bado alikuwa mbele 4-3.

16. Kwa nini alijitoa kwenye fainali ya Australian Open 2006?

Akiwa nyuma 6-1 2-0 dhidi ya Mauresmo aliacha mechi kwa maumivu ya tumbo, akieleza kuwa yalitokana na dawa za kupunguza uvimbe alizokuwa akimeza kwa ajili ya bega. Dawa za aina hiyo huweza kweli kuchoma tumbo. Kilichowaudhi watu ni kwamba ilikuwa Grand Slam ya kwanza ya Mauresmo, akanyimwa pointi ya mwisho ya kusherehekea. Aliipata Wimbledon miezi sita baadaye, dhidi ya Henin huyohuyo.

17. Nani alikuwa bora, Henin au Clijsters?

Ana kwa ana, Clijsters ana ushindi 13 na Henin 12. Kwenye fainali za Grand Slam walikutana mara tatu, zote za Henin. Clijsters alitangulia kuwa namba moja, Agosti 2003, na Henin akafuata tarehe 20 Oktoba. Mmoja ni wa Wallonia, mwingine wa Flanders. Vyombo vya habari vya pande mbili vilikoleza ushindani uliokuwa mkubwa hata bila msaada wao. Kwa mataji makubwa Henin yuko mbele, 7 kwa 4 ya Clijsters. Kwa kupendwa na umma, Clijsters alimzidi.

## Kustaafu, kurudi na baadaye

18. Mtu anaachaje akiwa namba moja?

Tarehe 14 Mei 2008, siku chache kabla ya Roland Garros, alitangaza kwamba moto umezimika. Dalili zilikuwepo: Sharapova alimfunga Australia 6-4 6-0 na kukata mfululizo wa ushindi 32, Serena alimfunga Miami 6-2 6-0, kisha akatolewa mapema Berlin na Dinara Safina.

Aliomba pia WTA wafute jina lake kwenye orodha mara moja. Maana yake ni hii: pointi hudumu wiki 52, kwa hiyo bila ombi hilo angebaki kileleni kwa muda bila kucheza. Jina lilipofutwa, Sharapova akapanda kuwa namba moja wiki iliyofuata.

19. Kwa nini alirudi, na kwa nini akaacha tena?

Septemba 2009 alitangaza kurudi, akilitaja taji la Wimbledon kama deni lililobaki. Kwa kuwa alikuwa hana nafasi kwenye orodha, aliingia Australian Open 2010 kwa nafasi ya upendeleo, na akafika fainali, akifungwa na Serena 6-4 3-6 6-2. Mwaka huo alishinda Stuttgart na 's-Hertogenbosch.

Kisha Wimbledon, raundi ya nne dhidi ya Clijsters, aliteleza na kuangukia kiwiko cha kulia. Alimaliza mechi, akafungwa 2-6 6-2 6-3, na vipimo vikaonyesha kano imechanika sehemu. Alijaribu tena Januari 2011, akafungwa na Kuznetsova raundi ya tatu Melbourne, na tarehe 26 Januari akatangaza kwamba kiwiko hakitaruhusu. Safari hii hakuchagua mwenyewe, na ndiyo tofauti kubwa na 2008.

20. Alifanya nini baadaye?

Ana akademia ya tenisi Limelette, kusini mashariki mwa Brussels, na amekuwa mchambuzi wa televisheni kwenye mashindano makubwa. Mwaka 2016 alimshauri Elina Svitolina, na mwaka huohuo akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa Tenisi huko Newport, Marekani, Mbelgiji wa kwanza kupewa heshima hiyo.

## Maswali ya wanaohesabu

21. Wiki 117 zilikuwa za mfululizo?

Hapana. Mara ya kwanza, Oktoba 2003, alikaa wiki moja tu kabla ya Clijsters kurudi juu. Kipindi kirefu zaidi ni wiki 61, kuanzia Machi 2007 hadi kustaafu. Alimaliza mwaka akiwa namba moja mara tatu: 2003, 2006 na 2007.

22. Aliwahi kufika fainali zote nne za Grand Slam mwaka mmoja?

Ndiyo, 2006. Alishinda Paris tu, akapoteza Melbourne, London na New York, ambako Sharapova alimfunga 6-4 6-4. Bado alimaliza mwaka namba moja kwa sababu aliongeza taji la kufunga msimu mjini Madrid.

23. Na mechi za wawili wawili?

Alichukua mataji 2 tu ya WTA, na hakuwahi kuupa upande huo kipaumbele. Orodha inayosema ana mataji 45 imejumlisha hayo na yale 43.